Protoni Imesimama Wapi? Namna Wataalamu Wanavyohakikisha Mwisho wa Mwale Katika Tiba ya Saratani

Ukienda hospitali kupiga picha ya eksirei ya kifua, miale huingia mgongoni, hutokea kifuani na kugonga kibao cha picha ulichokiegemea. Kwa kuwa imetoka upande wa pili, inatuletea habari: hapa imepita kwa urahisi, hapa mfupa umeizuia. Sasa fikiria mwale wa aina nyingine, unaoingia mwilini, unasafiri sentimita kadhaa, kisha unasimama humo humo ndani na hautoki kabisa. Mwale huo upo, na unatibu saratani. Ni mwale wa protoni. Swali la makala haya ni fupi: ikiwa hakuna kinachotokea upande wa pili, tutajuaje umesimama wapi?

Swali hili si la udadisi tu. Chukua mfano wa mtoto mwenye uvimbe wa saratani nyuma ya ubongo, milimita chache tu kutoka kwenye shina la ubongo, yaani sehemu inayosimamia kupumua, kumeza na mapigo ya moyo. Mwale ukisimama milimita tano kabla ya mahali uliopangiwa, seli za saratani zilizo upande wa ndani zitapata dozi pungufu, na ugonjwa unaweza kurudi. Ukipitiliza milimita tano, dozi kubwa inaliangukia shina la ubongo. Makosa yote mawili hayaonekani siku hiyo. Mtoto anashushwa kitandani, anavaa viatu vyake, anarudi kwa mama yake. Madhara yanajitokeza baada ya miezi au miaka, wakati ambapo hakuna awezaye tena kurudisha dozi iliyokwisha kutolewa.

Safari ya protoni ndani ya mwili

Protoni ni chembe ndogo yenye chaji chanya. Wanafunzi wa kemia wanaifahamu: ni kiini cha atomi ya haidrojeni. Kwa ajili ya tiba, mashine kubwa inayoitwa siklotroni, au nyingine iitwayo sinkrotroni, huzikimbiza protoni mpaka zipate nishati ya kutosha kuufikia uvimbe. Nishati hiyo hupimwa kwa kipimo cha MeV, yaani elektronivolti milioni moja. Protoni yenye MeV 70 hupenya kwenye maji kiasi cha sentimita 4. Yenye MeV 150 hufika karibu sentimita 16. Yenye MeV 230 hufika kama sentimita 33, kina kinachotosha kufikia karibu sehemu yoyote ya mwili wa mtu mzima. Tunatumia maji kama kipimo kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji.

Protoni hupotezaje nishati yake? Fikiria mtu anayepita Kariakoo akiwa na fedha mfukoni. Akipita mbio, wachuuzi hawapati nafasi ya kumshika mkono. Pengine atapoteza shilingi chache tu. Lakini kila anachotoa kinampunguzia mwendo. Kadiri anavyopunguza mwendo, ndivyo wachuuzi wanavyopata muda wa kumsimamisha, na ndivyo anavyotoa zaidi. Mwishoni anatembea polepole kabisa, wanamzunguka, na zilizobaki zote zinaisha katika hatua chache. Hapo anasimama, kwa kuwa hana kitu tena.

Protoni hufanya hivyo hivyo. Wachuuzi ni elektroni za atomi za mwili, na fedha ni nishati. Mwanzoni protoni ya MeV 150 huenda kwa karibu nusu ya mwendo wa mwanga, na huacha nishati kidogo njiani. Karibu na mwisho, nishati inayoachwa hupanda ghafla hadi kilele, kisha hushuka mpaka karibu sifuri katika milimita chache. Safari yote huchukua nanosekunde chache tu. Kilele hicho huitwa kilele cha Bragg, kwa heshima ya William Henry Bragg, aliyekigundua mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa Adelaide, Australia, alipokuwa akichunguza chembe za alfa zinazotoka kwenye radiamu.

Eksirei za tiba haziendi hivyo. Zenyewe huacha dozi kubwa karibu na ngozi, kisha hupungua taratibu, lakini huendelea kupita hadi upande wa pili, zikigusa viungo vizima vilivyo mbele na nyuma ya uvimbe. Ndiyo maana madaktari walivutiwa na protoni. Mwaka 1946 Robert Wilson, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha makala akipendekeza kilele hicho kitumike kutibu saratani. Mwaka 1954 wagonjwa wa kwanza walitibiwa Berkeley, California. Uppsala nchini Sweden ikafuata mwaka 1957. Maabara ya siklotroni ya Chuo Kikuu cha Harvard, ikishirikiana na hospitali ya Massachusetts General ya Boston, ilianza kuwatibu wagonjwa mwaka 1961 na hatimaye ikahudumia zaidi ya 9,000. Mwaka 1990 hospitali ya Loma Linda, California, ilifungua kituo cha protoni ndani ya hospitali yenyewe. Bara la Afrika nalo lina nafasi katika historia hii: kituo cha Faure, karibu na Cape Town, ambacho leo kinaitwa iThemba LABS, kilianza kuwatibu wagonjwa kwa protoni mwaka 1993.

Mashine inajulikana, mwili haujulikani

Msomaji anaweza kuuliza: kama tunajua protoni ya MeV 150 inafika sentimita 16 kwenye maji, tatizo liko wapi? Tupime kina cha uvimbe, tuchague nishati, basi.

Kwa upande wa mashine, hoja hiyo ni sahihi. Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, wataalamu wa fizikia ya tiba huelekeza mwale kwenye tangi la maji au kwenye tabaka za plastiki zenye vipimo, na kuhakikisha kwamba unasimama palepale uliposimama jana. Mashine nzuri haipotei hata milimita moja. Lakini mgonjwa si tangi la maji. Ana mifupa, mafuta, misuli, hewa ya mapafu, na pengine meno yaliyozibwa kwa madini. Turudi sokoni: mfupa ni soko lililojaa wachuuzi, na pafu ni uwanja wenye watu wachache. Mtu mwenye fedha zilezile ataishiwa haraka katika la kwanza na atafika mbali katika la pili.

Kwa hiyo inahitajika ramani inayoonyesha, milimita kwa milimita, kuna nini njiani. Ramani hiyo ni picha ya CT. Hapa tena Afrika imechangia. Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1956 alipoombwa kusaidia katika hospitali ya Groote Schuur. Aliona kwamba dozi za mionzi zilikuwa zikikokotolewa kana kwamba mwili wote ni kitu cha aina moja, akaanza kutafuta hesabu ya kuutambua mwili kutoka ndani kwa kutumia miale inayopita pande mbalimbali. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1963 na 1964, na katika andiko la kwanza alitaja pia uwezekano wa kutumia protoni. Mwaka 1979 yeye na Mwingereza Godfrey Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyozaa mashine ya CT.

Lakini ramani ya CT ina kasoro moja kwa kazi yetu: imechorwa kwa eksirei. Inatuambia eksirei huzuiwa kiasi gani na kila tishu, wakati sisi tunataka kujua protoni itapunguzwa mwendo kiasi gani. Mambo hayo mawili yanakaribiana, lakini hayalingani. Ni kama kumwuliza dereva wa lori habari za njia ambayo wewe utaipita kwa baiskeli. Atakueleza ukweli, ila mchanga unaokusumbua wewe yeye hakuuona. Wataalamu hutumia jedwali la kubadilisha namba za CT kuwa namba za protoni, na katika kubadilisha huko asilimia chache za uhakika hupotea. Madini mwilini huongeza tatizo, kwa sababu hutia michirizi ya uongo kwenye picha.

Jambo la pili ni kwamba ramani inazeeka. Tiba hutolewa kidogo kidogo, mara nyingi siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hadi saba. Katika muda huo mgonjwa hukonda, uvimbe wenyewe hupungua, gesi huingia na kutoka tumboni, mapafu hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Chukua uwazi wa hewa ulio pembeni mwa pua. Siku ya kupiga CT ulikuwa mtupu; wiki ya tatu mgonjwa ana mafua na umejaa majimaji ya unene wa sentimita moja. Kwa eksirei, mabadiliko hayo yanapunguza dozi ya mbele kwa asilimia chache tu. Kwa protoni, mwisho wa mwale unarudi nyuma karibu sentimita nzima. Sifa ile ile inayoifanya protoni iwe nzuri, yaani kusimama, ndiyo inayoifanya iadhibiwe vikali na kosa dogo.

Tahadhari ina bei yake

Hospitali hufanyaje basi? Huongeza akiba. Wapangaji wa tiba hufikisha mwale mbali kidogo kuliko ukingo wa uvimbe, ili hata kama hesabu imekosea, uvimbe wote upate dozi. Vituo vingi huongeza kati ya asilimia 2.5 na 3.5 ya kina, pamoja na milimita moja hadi tatu. Kwa mfano, ikiwa ukingo wa mbali wa uvimbe uko sentimita 20 ndani ya mwili, asilimia 3.5 ni milimita 7. Ukiongeza moja unapata milimita 8. Hizo ni milimita 8 za tishu nzima zinazopewa dozi kamili kwa makusudi, si kwa sababu zina ugonjwa, bali kwa sababu hatuna hakika.

Bei ya pili haionekani kwa urahisi, lakini pengine ni kubwa zaidi. Tazama tiba ya tezi dume. Nyuma ya tezi hiyo, ikiigusa kabisa, kuna sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mtu anayejua kilele cha Bragg angesema: tuelekeze mwale kutoka mbele, usimame kwenye ukuta wa nyuma wa tezi, na utumbo ubaki salama. Kwa hesabu, ni wazo zuri. Kwa desturi, vituo vingi vimekuwa vikipitisha miale kutoka pembeni, kulia na kushoto, kupitia mifupa ya nyonga, ingawa njia hiyo ni ndefu zaidi. Kwa nini? Kwa sababu kibofu kilicho mbele hujaa na kupungua, na hakuna anayethubutu kuuelekeza mwisho wa mwale kwenye utumbo bila kujua kwa hakika utasimama wapi. Miale ikipita pembeni, kosa la kina huangukia upande wa pili wa nyonga, si kwenye utumbo.

Maana yake ni hii: mgonjwa analazwa chini ya mashine ya gharama kubwa mno iliyojengwa kwa sababu protoni husimama, kisha tiba inapangwa kwa namna isiyotegemea kusimama huko. Hivyo ndivyo inavyotokea pia karibu na shina la ubongo. Wapangaji wengi hukwepa kuuelekeza mwisho wa mwale moja kwa moja kwenye kiungo nyeti, tena kwa sababu ya ziada: karibu na mwisho wa safari, protoni huharibu seli zaidi kuliko dozi yake inavyoonyesha kwenye karatasi.

Kwa hiyo kuhakikisha mwisho wa mwale si kazi ya ukaguzi tu. Bila hakika hiyo, sehemu ya faida ya protoni hubaki bila kutumika.

Mjumbe wa kwanza: gama ya papo hapo

Tulisema hakuna protoni inayotokea upande wa pili. Hiyo ni kweli, lakini njiani protoni huacha ishara, na baadhi ya ishara hizo hutoka mwilini.

Mara nyingi protoni hupita mbali na viini vya atomi na kushughulika na elektroni tu. Mara mojamoja hugonga kiini cha kaboni au cha oksijeni. Kiini hicho hupata nishati ya ziada, na katika muda mfupi mno huitoa kama mwale wa gama. Kaboni hutoa gama ya MeV 4.44, na oksijeni hutoa ya MeV 6.13. Gama hizo zina nguvu ya kutosha kutoka nje ya mwili bila taabu. Zinatoka katika njia yote ambayo protoni imepita, na hukoma milimita chache kabla protoni haijasimama. Tukiweza kuona zinakoma wapi, tutajua mwale umeishia wapi, tena wakati huohuo mgonjwa akiwa bado kitandani.

Namna mojawapo ya kuziona inafanana na jaribio linalofanywa shuleni: kisanduku chenye tundu dogo, ambapo mwanga wa mshumaa hupita kwenye tundu na kuchora mshumaa uliopinduka kwenye karatasi ya nyuma. Badala ya kisanduku cha boksi, hutumika ukuta mnene wa madini ya tungsteni wenye mwanya mwembamba, na nyuma yake zimepangwa fuwele zinazometa zikiguswa na gama. Kamera hiyo huwekwa ubavuni mwa mgonjwa. Kampuni ya Kibelgiji ya IBA ilitengeneza kamera ya namna hii, na mwaka 2015 ilitumika kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa huko Dresden, Ujerumani, katika tiba ya uvimbe wa eneo la kichwa na shingo. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliitumia kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo aliyetibiwa kwa mwale mwembamba unaochora dozi doa kwa doa.

Boston walikwenda njia nyingine. Badala ya kuangalia tu gama zinatoka wapi, walipima nishati ya kila moja. Kwa kuwa kaboni na oksijeni hutoa gama zenye nishati tofauti, na kila moja hubadilika kwa namna yake kadiri protoni inavyopunguza mwendo, uwiano wao hueleza protoni imebakiwa na safari kiasi gani, na pia tishu iliyopitwa imeundwa na nini.

Ugumu uko wapi? Gama ni chache. Doa moja lenye nguvu lina protoni kama milioni mia moja, lakini ni sehemu ndogo tu ya gama zake inayofika kwenye fuwele, na nyutroni nazo hufika zikichafua hesabu. Hivyo mara nyingi huwalazimu wataalamu kujumlisha madoa yaliyo jirani ili wapate jibu lenye uhakika wa milimita moja hadi mbili.

Mjumbe wa pili: positroni

Baadhi ya viini vilivyogongwa hubadilika kabisa. Oksijeni ya kawaida huweza kupoteza nyutroni na kuwa oksijeni-15. Kaboni hugeuka kaboni-11. Viini hivi havitulii. Nusu ya oksijeni-15 huisha kila baada ya dakika mbili hivi, na nusu ya kaboni-11 kila baada ya dakika 20. Kila kiini kinapogeuka hutoa positroni, ambayo ni kama elektroni yenye chaji chanya. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na miale miwili ya gama hutoka ikielekea pande mbili zinazopingana. Mashine ya PET, ambayo hospitali kubwa huitumia kutafuta saratani, imetengenezwa kutambua jozi kama hizo.

Kwa hiyo, baada ya tiba, mgonjwa anaweza kupelekwa kwenye mashine ya PET, na picha ikaonyesha njia ambayo protoni zilipita, kama nyayo kwenye mchanga wa pwani kabla maji hayajapanda. Mwaka 2007 watafiti wa Massachusetts General walichapisha matokeo ya wagonjwa tisa waliopimwa hivyo. Kwenye mifupa ya kichwa, nyayo zililingana na hesabu kwa milimita moja hadi mbili. Sehemu nyingine matokeo hayakuwa mazuri kiasi hicho, kwa sababu mbili: viungo vinajongea kwa pumzi, na damu huzifuta nyayo kwa kubeba viini hivyo na kuvipeleka kwingine.

Dawa ya kufutika ni kupiga picha mapema. Huko Darmstadt, Ujerumani, ambako wagonjwa walitibiwa kwa viini vya kaboni badala ya protoni kati ya mwaka 1997 na 2008, vipokezi vya PET viliwekwa palepale penye kitanda cha tiba, na zaidi ya wagonjwa 400 walifuatiliwa. Kituo cha CNAO cha Pavia, Italia, nacho kimejaribu mtambo wa namna hiyo.

Mjumbe wa tatu: sauti

Mjumbe huyu huwashangaza wengi. Mwale unapoacha nishati, tishu hupata joto. Joto lenyewe ni dogo ajabu: dozi ya kawaida ya siku moja, gray 2, hupandisha joto la maji kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya nyuzi moja ya Selsiasi. Hata hivyo, nishati ikiachwa kwa mpigo mmoja mfupi, tishu hupanuka kidogo ghafla na kutoa wimbi la sauti, hasa kutoka kwenye kilele cha Bragg. Mwaka 1995 watafiti wa Tsukuba, Japani, walieleza kwamba waliipata sauti hiyo kwa mgonjwa wa saratani ya ini. Uzuri wake ni kwamba kifaa cha kusikilizia kinafanana na cha ultrasaundi, hivyo siku moja huenda picha ya kiungo na mahali mwale uliposimama vikaonekana kwenye kioo kimoja. Ugumu ni kwamba sauti ni hafifu mno, mfupa na hewa huizuia, na mashine nyingi za tiba hazitoi mwale kwa mipigo mifupi inayotakiwa.

Kusahihisha ramani yenyewe

Wengine wameona ni busara kuanza mapema zaidi, kabla mwale haujatolewa. Kwa mashine ya CT inayopiga kwa eksirei za nishati mbili tofauti, tishu zinazofanana kwenye picha ya kawaida hutofautishwa, na jedwali la kubadilisha namba huwa na makosa machache. Dresden ni miongoni mwa vituo vilivyoiingiza njia hiyo katika tiba ya kila siku na kupunguza akiba ya milimita.

Njia nyingine ni kuchora ramani kwa protoni zenyewe. Zikipewa nishati ya kutosha hupita mwili mzima na kutoka nje, na nishati iliyobaki huonyesha moja kwa moja njia imewagharimu kiasi gani. Andreas Koehler wa maabara ya Harvard alionyesha picha za protoni mwaka 1968, na mwaka 1976 yeye na Cormack walichapisha majaribio ya kujenga picha za mkato kwa protoni. Wazo hilo bado linafanyiwa kazi, kwa sababu protoni hupindapinda njiani na picha hukosa ukali.

Tumefika wapi

Mpaka sasa njia iliyoenea zaidi ni ile ya kawaida: kupiga CT tena katikati ya wiki za tiba, kulinganisha na ya mwanzo, na kupanga upya mwili ukibadilika. Kamera za gama na PET bado ziko katika vituo vichache, nyingi zikiwa kwenye utafiti. Kazi iliyobaki ni kuonyesha kwamba mtaalamu akiona mwale umesimama milimita nne kabla ya mahali pake anaweza kuchukua hatua siku hiyohiyo, na kwamba akiwa na uhakika huo anaweza kupunguza akiba bila kumhatarisha mgonjwa. Hatua hii ya pili ndiyo ngumu. Ukipunguza akiba kutoka milimita 8 hadi 3 huku kipimo chako kikiwa na kasoro usiyoijua, umemdhuru mgonjwa ambaye tahadhari ya zamani ingemlinda.

Wasomaji wetu walio wengi wanaishi mbali na mashine hizi. Hospitali zetu za saratani, kama Ocean Road ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza, hutibu kwa mionzi inayopita mwilini, si kwa protoni. Lakini hata huko mgonjwa hupangiwa tiba kwa picha, huwekewa alama mwilini, hulazwa mkao uleule kila siku, na mashine hupimwa kabla ya kazi kuanza. Mgonjwa aliyekonda sana katikati ya tiba, au ambaye alama zake zimefutika, amweleze mhudumu wake bila kuona haya. Kumweleza hivyo si usumbufu. Picha iliyopigwa mwezi uliopita ni ya mwili wa mwezi uliopita.

Na kwa vijana wanaosoma fizikia na kuuliza itawasaidia nini: anayesimama nyuma ya daktari wa saratani, akipima mwale kila asubuhi na kukokotoa akiba ya milimita, ni mtaalamu wa fizikia. Wataalamu hao ni wachache kwetu, na nafasi zipo. Yule mtoto wa mfano wetu hamjui mtu huyo, wala mama yake hamjui, lakini ndiye aliyejiuliza kabla ya mashine kuwashwa: mwale huu utasimama wapi, na nitajuaje?